"Pakeji 23 Zinasubiri": Barua Pepe za Seva, na Kimya Chake

Mzee mmoja wa hapa Moshi, mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, alinipigia simu asubuhi moja sauti ikicheka. "Fundi, mfumo wa kubuku umefanya kazi usiku! Nimeletewa barua, pakeji 23 zinasubiri."

Kwa mtu wa utalii, pakeji ni siku saba za njia ya Machame, na ndani yake kuna mwongozaji, wapagazi, mpishi, ada za hifadhi na usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda. Pakeji 23 ni ada ya shule ya watoto wote na bati la nyumba juu yake. Nikamwomba anirushie ile barua kwa WhatsApp. Haikuwa na mtalii hata mmoja. Ilitoka kwenye seva yake mwenyewe, ikieleza kwamba programu 23 zilizomo humo zimetolewa matoleo mapya, na tisa kati ya hayo ni ya usalama.

Kicheko kikakatika. "Kwa hiyo tumedukuliwa?"

Hapana, hawakudukuliwa. Lakini sikushangaa kuulizwa. Siku hizi ukikaa kijiweni dakika kumi hukosi habari ya akaunti iliyoibwa au tovuti iliyoangushwa, na mtu akiona neno usalama kwenye barua pepe, akili inaruka moja kwa moja hadi kwa mwizi. Tuanze basi na maneno yenyewe.

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kukesha na kuhudumia kompyuta nyingine. Tovuti ya mzee, fomu ya kubuku, nakala za pasipoti za wateja na fomu zao za afya, vyote vinakaa humo. Wengi hudhani seva yao ni lile boksi jeusi linalomulika taa za kijani juu ya kabati la ofisi. Lile ni ruta, kifaa cha kugawa intaneti. Seva ya mzee iko Ujerumani, kwenye jumba la watu wengine, naye anailipia kila mwezi kama anavyolipa pango la ofisi.

Ndani ya seva kuna mamia ya programu. Kwenye mifumo ya Linux, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi za tovuti, kila programu huja imefungwa kama kifurushi na kuchukuliwa kutoka kwenye ghala moja linalotunzwa na watengenezaji wa mfumo. Hicho kifurushi ndicho kinachoitwa pakeji, na ndicho kilichompa mzee furaha ya bure. Kifurushi kikitolewa toleo jipya, hilo ni sasisho. Masasisho mengine huleta urembo au uwezo ambao haukuwepo, nayo yanaweza kungoja hata mwezi. Mengine huziba kasoro ambayo mtu mwovu anaweza kupenya. Hayo ndiyo masasisho ya usalama, na barua za tahadhari zipo kwa ajili yake.

Kwa hiyo barua ile haikusema mwizi ameingia. Ilisema komeo la mlango wa nyuma limegundulika kuwa bovu, na komeo jipya limeshafika dukani. Ugumu ni kwamba tangazo la komeo bovu halikutolewa kwa mzee peke yake. Kasoro ikigunduliwa hupewa namba na kutangazwa kwa dunia nzima, na marekebisho yenyewe humwonyesha anayejua kusoma msimbo mahali hasa shimo lilipokuwa. Jumatatu ya Julai 1, 2024, kwa mfano, ilitangazwa kasoro namba CVE-2024-6387 katika OpenSSH, programu ambayo mafundi karibu wote hupitia kuingia kwenye seva kutoka mbali. Marekebisho ya Ubuntu na Debian, aina mbili za Linux, yalitoka siku hiyohiyo. Kuanzia saa hiyo palikuwa na mashindano kati ya wenye seva na wanaozitafuta seva ambazo hazijazibwa, na wakati huo ni msimu wa juu wa mlima. Hakuna mtu wa utalii anayeamka Julai kusoma habari za OpenSSH.

Ndiyo maana kazi ya kuangalia inaachiwa seva yenyewe.

Utaratibu wake ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya Linux kuna programu ndogo iitwayo cron, yenye ukoo unaorudi enzi za Unix, mfumo wa kompyuta wa miaka ya 1970, na kazi yake ni kutazama saa tu. Unaiachia daftari: saa fulani fanya hili, saa fulani fanya lile. Mojawapo ya kazi hizo ni kwenda ghalani, kulinganisha matoleo yaliyoko huko na yaliyomo ndani ya seva, kisha kuandika tofauti. Cron ina tabia moja nzuri: kazi iliyoituma ikirudi na maneno, inayageuza kuwa barua pepe na kumtumia mwenye kazi. Ikirudi kimya, haiandiki chochote. Kwenye Debian na Ubuntu kuna programu iitwayo apticron inayofanya kazi hii ya kutoa taarifa tu. Kwenye jamii ya Red Hat, yaani Rocky na AlmaLinux na ndugu zao, kuna dnf-automatic, nayo unaweza kuiambia ishughulikie masasisho ya usalama peke yake, na kama itoe habari tu au iweke kabisa.

Kuna mtego mmoja wa saa ambao unatukuta sisi Waswahili kuliko wengine. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilitaka barua ya mteja ije saa moja asubuhi, nikaandika 1 kwenye daftari la cron. Simu yake ikalia saa kumi alfajiri. Seva nyingi za kupanga hufuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, nayo kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, haianzi na jua. Saa moja asubuhi ya Moshi imeandikwa 7 kwenye simu, na 4 kwenye seva. Saa ni ileile, majina matatu. Mteja alinisamehe, mkewe sina hakika.

Kuandika barua, basi, si kazi. Shughuli ni kuifikisha, na hapa ndipo seva nyingi nilizozikagua zimekwama bila mwenyewe kujua.

Kwanza, cron na wenzake kwa kawaida humwandikia mtumiaji mkuu wa mashine, ambaye huitwa root. Barua hiyo haitoki nje hata hatua moja. Inawekwa kwenye kisanduku kilichomo humohumo ndani ya seva. Ni kama lile sanduku la posta la kampuni ambalo ufunguo wake uliondoka na mhasibu wa zamani: barua zinaingia, S.L.P. ni sahihi, hakuna anayefungua. Niliwahi kufungua kisanduku cha namna hiyo nikakuta barua za miaka mitatu, zote zinaomba jambo lilelile. Na kuna seva ambazo hazina hata posta ya ndani. Huko cron huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba haikumkuta mbeba barua, kwa hiyo imeyatupa maandishi. Inayatupa kweli.

Pili, hata ukiweka anwani halisi ya Gmail, barua inaweza kuzuiwa mlangoni. Kampuni nyingi za kupangisha seva hufunga mlango namba 25, ambao barua pepe hupitia kutoka seva moja hadi nyingine, kwa sababu watuma barua taka waliutumia vibaya. Ukifaulu kutoka, mpokeaji naye anahoji: huyu anayesema anaandika kwa niaba ya kampuni ya mzee, ametumwa na nani? Ni kama kwenda kufungua akaunti benki. Unaambiwa lete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye muhuri. Kwenye barua pepe, orodha ya mashine zinazoruhusiwa kuandika kwa jina la kampuni huitwa SPF, na muhuri unaoonyesha kuwa barua haikuchezewa njiani huitwa DKIM. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, na barua isiyo na hata kimoja kati ya hivyo inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye barua taka. Njia ninayoipenda ni kuacha kuifanya seva iwe posta. Iachie ikabidhi barua zake kwa huduma ya barua pepe ambayo kampuni tayari inailipia, kwa akaunti na neno la siri, kupitia mlango namba 587. Huduma hiyo ina utambulisho na muhuri wake, na kwa kampuni ya watu sita hakuna sababu ya kuhangaika zaidi ya hapo. Ukishamaliza, tuma barua ya majaribio na uione kwa macho yako, ikiwa kwenye kisanduku chenyewe, siyo kwenye barua taka.

Na kwa kuwa tunazungumzia barua za usalama: barua halali ya seva haikuombi neno la siri, wala haikupi kiungo ubofye ili "kusasisha haraka". Inakwambia kilichopo, basi. Ukipata inayokuhimiza ubofye, hiyo haijatoka kwenye seva yako hata kama ina nembo nzuri.

Tuseme sasa barua imefika. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa seva, mbiu inaweza kulia vizuri kabisa na mgambo asiwepo. Mfano ninaowapa wateja ni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 7, 2017 ilitangazwa kasoro kubwa katika Apache Struts, programu ya kutengenezea tovuti, na dawa yake ikatoka pamoja na tangazo. Siku mbili baadaye barua pepe ikasambazwa ndani ya kampuni kwa watu zaidi ya 400, ikiwaagiza wazibe ndani ya saa 48. Orodha ya wapokeaji ilikuwa ya zamani. Waliopaswa kuziba hawakuipata. Katikati ya Mei wezi wakaingia kwa mlango huohuo, wakakaa hadi Julai, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaondoka nao. Kilikuwepo pia kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka na kuingia, lakini cheti chake kilikuwa kimekwisha muda, kwa hiyo kilipitisha mizigo bila kuifungua. Kwa miezi mingi hakuna aliyeshtuka. Kifaa kisichoona hakina cha kuripoti.

Barua kwa watu 400 ni barua isiyo na mwenyewe. Kila mtu anajua mwenzake ameiona. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzee lilikuwa: barua hii ikija, nani anaifanyia kazi, na akiwa mlimani nani anashika zamu? Akanitajia mtu ambaye aliacha kazi mwaka juzi.

Njia mojawapo ya kupunguza mzigo huo ni kuiruhusu seva ijirekebishe. Ubuntu, kuanzia toleo la seva la 16.04, huja ikiwa tayari inajiwekea masasisho ya usalama kila siku kwa programu iitwayo unattended-upgrades. Wengi wanayo bila kujua, kwa sababu kujirekebisha kumewashwa lakini kutuma barua hakujawashwa; lazima uandike anwani mwenyewe kisha uchague: barua ije kila mara, ije kukiwa na badiliko, au ije pale mambo yalipoharibika tu.

Mzee alipinga. "Mimi sitaki kitu kinachojibadilisha usiku nimelala. Si ndiyo yale ya viwanja vya ndege?" Alikuwa anakumbuka Julai 19, 2024, siku faili moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 na safari za ndege zikakwama duniani. Hofu yake ina msingi, sasisho linaweza kuvunja kitu. Lakini lile lilikuwa faili lililosukumwa na kampuni moja kwenda kwa wateja wake kwa mkupuo. Masasisho ya usalama ya Ubuntu au Debian hubadilisha kidogo iwezekanavyo: toleo linabaki lilelile, shimo tu linazibwa. Kwa kampuni ndogo isiyo na mtu wa kukaa kwenye seva kila siku, mimi huweka ya usalama yajiweke yenyewe, na mengine yangoje barua na jicho la mtu. Benki itapanga tofauti, na ina watu wa kufanya hivyo. Cha lazima kwa wote ni nakala rudufu ya jana, iliyo nje ya seva hiyo.

Jambo ambalo hata mafundi hulisahau: sasisho likiwekwa halimaanishi linatumika. Mpishi wa mlimani aliyekariri mapishi hana habari na karatasi mpya uliyobandika ukutani. Anaendelea na yale ya kichwani mpaka umsimamishe. Programu inayoendelea kukimbia huwa imeshapakia toleo la zamani kwenye kumbukumbu ya mashine, nayo hulishikilia hadi izimwe na kuwashwa. Kiini cha mfumo wenyewe kwa kawaida kinataka seva nzima iwashwe upya. Ubuntu huacha alama kwamba kuwasha upya kunahitajika, na mstari huo ndio ninaoutafuta kwanza kwenye barua yoyote.

Pia barua hizi zina mipaka. Ghala huzungumzia vile vilivyotoka ghalani. Tovuti za utalii za Moshi na Arusha nyingi zimejengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, iliyopakiwa kwa mkono, pamoja na viongezi vya fomu, vya kalenda na vya picha. Seva haivijui, kama mwenye duka asivyoweka dhamana kwenye redio uliyoinunua kwa machinga. WordPress yenyewe imekuwa ikijiwekea marekebisho madogo ya usalama tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Viongezi viliruhusiwa kujisasisha kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020, lakini ni lazima uwashe kwa kila kimoja. Nenda kaangalie. Humo ndimo zinamokaa pasipoti za wageni wako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Imani ngumu kuliko zote kuing'oa ni hii: "Seva yangu haijawahi kuniandikia, kwa hiyo iko salama." Fikiria seva ya CentOS 7, aina nyingine ya Linux. Mfumo huo ulifika mwisho wa matengenezo Juni 30, 2024. Tangu siku hiyo ghala lake halipokei kitu kipya. Seva inaweza kwenda ghalani kila alfajiri, isipate kitu, irudi kimya, na mwenyewe akalala fofofo. Kimya hichohicho utakipata posta ikikatika, neno la siri la barua pepe likibadilishwa, cron ikizimwa, au seva yenyewe ikifa. Mfu hajitangazii msiba.

Hili mzee nilimweleza kwa lugha yake. Kikundi kikiwa mlimani, kiongozi hupiga simu ofisini kila jioni: tumefika kambi ya Barranco, wote wazima, oksijeni zao ziko vizuri. Hiyo haina habari yoyote mpya, na bado ofisi nzima inaingoja. Usiku ambao simu haikuja, je, mnasema kimya ni dalili njema? Akacheka. "Usiku huo hatulali."

Basi seva nayo ikawekewa simu ya jioni. Masasisho ya usalama yanajiweka yenyewe, na barua ya ghafla inakuja pale tu yalipokwama, kwa sababu barua ya kila siku hugeuka honi ya bajaji pale Mbuyuni: inalia, hakuna anayegeuka. Lakini kila Jumatatu saa moja asubuhi, yaani 4 ya seva, inakuja barua fupi hata kama hakuna jipya. Ina mistari mitatu: yaliyowekwa wiki hii, yanayosubiri mtu, na kama seva inataka kuwashwa upya. Inakwenda kwa mzee na kwa binti yake wa mapokezi, na wamekubaliana kwamba mwenye jukumu ni binti. Isipofika hadi saa mbili, wanipigie.

Jumatatu ya tatu simu ikaita saa mbili na dakika tano. Alikuwa mzee mwenyewe. "Fundi, Barranco hawajapiga."

Niliingia kwenye seva. Diski ilikuwa imejaa hadi ukingoni: picha za wateja kwenye kibao cha Uhuru, mamia kwa mamia, zikiwa na ukubwa wake wote kama zilivyotoka kwenye kamera, tangu msimu wa Desemba. Hapakuwa na nafasi ya kuweka sasisho wala ya kuandikia barua ya kulalamika. Tukazihamisha kwingine, nikaiambia seva irudie kazi yake ya asubuhi. Saa nne kasoro barua ikafika: manne yamewekwa, hakuna linalosubiri, kuwasha upya hakuhitajiki.

Mzee akaijibu seva hapohapo. "Asante. Pole na kazi."